Viduara Vitupu vya Kendi na Mutuma

Viduara vyote vilikuwa vitupu. Katika picha ya kwanza Mutuma na Kendi walisimama kando ya shamba la kahawa. Katika ya pili Kendi alikuwa akivua bangili ya shanga, machozi yakimchirizika mpaka kidevuni. Katika ya mwisho ulionekana mgongo wake tu, akiteremka njia.

“Hakuna maneno,” nikasema.

“Maneno ni kazi yako,” Nadhira akanijibu. Tulikuwa nyuma ya bucha ya baba yake, mjini Meru. Alikuwa amevaa koti jeupe la baba yake, mikono ameikunja mara kadhaa.

Ndivyo tulivyofanya kazi tangu Kidato cha Pili. Nadhira alichukua karatasi ya kufungia nyama, akailainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, kisha akachora. Juu ya vichwa aliacha viduara vyeupe. Mimi, nisiyejua kuchora hata yai, nilivijaza. Hatukupanga hadithi kamwe. Yeye alichora, nami nikasikiliza watu wake wanasema nini. Kopi zetu zilizunguka chini ya madawati, na shule nzima ilijua Kendi ni nani na Mutuma ni nani. Nikipita karibu na bucha, Kathuri wa darasa letu alipaza sauti: “Mutuma! Mkweo amekukatia maini leo?”

Mzee Kasim, baba yake Nadhira, alicheka pia. Alikuwa na sauti ya kusimamisha barabara. “Mama Kinya, usinipite! Huyu ni mbuzi wa Kiirua, hajui joto!”

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Ilikuwa Ramadhani, na mtu asiyekula mwezi ule hamshangazi yeyote. Jioni alionja tende, akasukuma sahani kando, na majirani wakasema mzee amezidi kwa ibada. Akakonda, wakamsifu. Siku ya Idi waliweka mbele yake pilau ya mbuzi aliyemchinja mwenyewe. Alitia tonge mdomoni, akalitafuna muda mrefu, akalitema kiganjani, akalitazama. Hapo ndipo walipojua hakuwa akifunga tu.

Saratani ya koo, hospitali ikasema. Ugali ulikuwa umekataa zamani. Sasa uji ukakataa, kisha maji. Sauti ikaisha kabisa. Mama yake Nadhira alikuwa ameshafariki, na ndugu hakuwa naye. Muhula wa pili wa Kidato cha Nne Nadhira hakurudi shuleni; alishika kisu cha bucha.

Nilibeba ile karatasi ya Kendi anayelia nyumbani. Niliamini, na bado naamini kwa sehemu kubwa, kwamba neno zuri laweza kugeuza jambo. Katika kiduara cha Kendi nikaandika kwa penseli: “Nitarudi Jumamosi.” Nikampelekea.

Nadhira aliisoma akiwa ameshika kisu. “Mugambi, msichana huyu analia. Nani hulia hivi kwa sababu ya Jumamosi?”

“Nitakuwa nikija kukusaidia. Nikimaliza chuo nitarudi, tuta...”

“Wewe unaona mbali sana. Mimi naona mpaka jioni.” Akafuta maneno yangu kwa ncha ya kidole, polepole, asichafue uso wa Kendi. “Sitaki mtu wa kuningoja. Mtu akikungoja, naye ni mzigo. Andika kweli, ama uache.”

Niliacha. Nilitoa kopi hivyo hivyo, viduara vitupu, nikazigawa. Darasa lilizitazama kwanza. Kisha kalamu zikatoka. Kathuri alimwandikia Kendi, “Rudisha simu yangu!” Cicily aliandika, “Nimeokoka.” Mwingine: “Mama amesoma mesej zetu.” Kwenye kila dawati Kendi aliondoka kwa sababu nyingine, na wote wakacheka. Sikuweza kucheka nao. Kopi moja nilimpelekea Nadhira.

Mzee Kasim alifariki kabla ya mitihani yetu. Walimzika siku ile ile. Nilisimama nyuma ya wanaume, kofia ya kuazima ikinibana kichwa, nikatupa konzi yangu ya udongo.

Baadaye Nadhira alitoka mlangoni kwao akanipa ile kopi. “Ilikuwa kitandani kwake,” akasema. “Sikumwona akiandika.”

Katika kiduara cha Kendi, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika bei kwenye ubao, mlikuwa na maneno: SI WEWE. NI BABA YANGU. Cha Mutuma alikuwa amekiacha.

Desemba ile nilikijaza, kwa wino. “Nenda, Kendi.”

Mwaka huu nimehitimu chuo cha ualimu. Juma lililopita nilisimama mbele ya bucha nikiwa nimeshika pakiti ya penseli mpya, kama mtu anayeenda kumwona mgonjwa. Jina juu ya mlango bado ni la Kasim. Nadhira amenenepa kidogo mabegani.

“Karibu, mwalimu. Nusu kilo?”

“Nusu. Mimi si mwalimu bado.”

“Utakuwa.” Akakata, akapima.

“Bado unachora?”

“Mkono umezoea kisu,” akasema, bila huzuni niliyoweza kuiona.

Nikaitia pakiti ya penseli mfukoni. Alivuta karatasi kutoka kwenye rundo, akaitandika juu ya meza, akailainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Mkono ukatulia hapo kidogo. Kisha akaweka nyama.