Koala na Kurumbiza wa Mtunza Wanyama

Mtunza wanyama aliwapa watoto wake majina ya kazini. Dada mtu, mwenye mdomo usiojua likizo, alimwita Kurumbiza, kama kale kandege ka msituni kanakoimba toka alfajiri. Mdogo mtu, mpole, mpenda usingizi, akamwita Koala. Na alikuwa na kanuni yake, aliirudia mpaka wenzake kazini wakaichoka: kurumbiza akinyamaza, mwite daktari, koala akinyamaza, mshukuru Mungu, huyo ameshiba majani ya mkaratusi, anajilalia zake mtini.

Asubuhi hiyo Koala wa nyumbani aliamka na homa, akanywa maji, akalala tena.

"Baba Kurumbiza, mtoto anachemka," mkewe alisema. "Tumpeleke hospitali."

"Huyu hata akiwa mzima si kazi yake kulala? Mwache apumzike. Angenyamaza hivi dada yake, ningekuwa nimeshambeba mgongoni."

"Mimi sinyamazi ng'o!" Kurumbiza akadakia toka mlangoni.

Wakacheka, hata mama, ingawa kicheko chake hakikufika mbali. Baba akavaa buti, akaenda zake. Loo, mtu na ujuaji wake!

Mchana, kazini, alipanda ngazi kumpelekea koala wa bustani majani mabichi. Ya jana yalikuwa hayajaguswa. Mnyama alikuwa palepale kwenye panda ya mti, kucha zimeng'ang'ania gome, na watu huko chini wakimpiga picha na kuusifu usingizi wake. Akamtikisa. Akamshika mbavu. Alikuwa wa baridi, amekauka kitambo.

Mtunza wanyama hakuaga mtu. Alitupa majani, akashuka, akatoka mguu niponye na buti zake zenye kinyesi. Roho ilimuuma, maana alijua sasa alichokifanya. Njia nzima alijifariji kwa jambo moja: akikata kona ya kwao atausikia mdomo wa Kurumbiza, na akiusikia, basi mambo bado hayajaharibika.

Alikata kona, hakusikia kitu. Majirani walikuwa wamejaa sebuleni, wakampisha bila kumtazama usoni. Chumbani, mkewe alikuwa amegeukia ukutani. Kurumbiza alikuwa sakafuni kando ya kitanda, ameushika mguu wa mdogo wake.

"Sema kitu, mwanangu," baba alimwomba. "Sema chochote."

Kurumbiza hakusema.