Tafuta Anayekupinga

Sikutaka kwenda kwenye yale mafunzo, na sitajifanya kwamba nilitaka. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, tasnifu yangu ya shahada ya uzamili imebaki kuchapwa tu, halafu msimamizi ananiambia nikajifunze kutafuta makala maktabani. Kutafuta! Nikamjibu kwamba nimekwisha kutafuta na nimekwisha kupata. Akasema hilo halina mjadala, asiyehudhuria hatetei tasnifu. Nikaenda nimenuna.

Mwalimu wetu alikuwa mkutubi mmoja mwembamba, mdogo kwangu kwa umri, anayejua kwamba anajua. Kila sentensi yake ilikuwa na kichujio ndani: weka kichujio, ondoa kichujio, hebu kagua vichujio vyako. Kabla ya mapumziko ya chai tulikuwa tumeshampachika jina la Chujio, na mimi ndiye niliyelianzisha.

Nikiri jambo moja, alikuwa anafundisha vizuri. Alituonyesha jinsi ya kulivunja swali vipande vipande, na kila kipande kukitafutia majina yake yote, maana ugonjwa mmoja huku wanauita hivi na kule wanauita vile. Alituonyesha kuifuata makala kwa nyuma, uone mwandishi alisoma nani, kisha kuifuata kwa mbele, uone nani alimsoma yeye na akamjibu nini.

"Na mkishapata jibu mnalolipenda," akasema, "msisimame hapo. Andikeni maneno ya kinyume. Madhara. Kushindwa. Kuzidiwa. Tafuta anayekupinga."

"Wa kunipinga ninaye nyumbani," nikasema kwa sauti. "Nimezaa naye."

Darasa zima likacheka. Chujio naye alicheka, kisha akatupa zoezi: kila mtu aurudie utafutaji wake wa tasnifu, neno kwa neno, kwenye kompyuta za maktaba.

Tasnifu yangu ilikuwa juu ya malhamu ya kijani. Ni dawa ya hospitali, ya kwenye kopo, ya kupaka vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Nilikusanya makala zote nilizozipata na zote zilisema jambo moja: kidonda hufunga upesi, madhara hakuna. Niliyaandika hayo kwa raha, kwa sababu hiyo malhamu nilikuwa naijua kwa mikono yangu. Nilikuwa nampaka mama mkwe.

Mama mkwe alihamia kwetu kisukari kilipomkalia vibaya. Alikuwa na kidonda chini ya wayo ambacho kiligoma kupona, naye ni mtu wa kauli, hapelekwipelekwi. Dawa za watu wote alizikataa. Siku nilipomletea lile kopo alilinusa, akanitazama juu ya miwani.

"Hebu niambie, mkaza mwana. Umesoma vyote vilivyoandikwa juu ya kitu hiki?"

"Vyote, mama."

"Basi paka."

Na kidonda kikafunga! Kikafunga vizuri, ngozi laini, ya waridi. Alikuwa akimwonyesha kila mgeni, mtu hajakaa vizuri kwenye kiti mguu uko mbele yake. "Huyu mke wa mwanangu amesoma vyote," anawaambia. Mimi niko jikoni nasikia, kichwa kinavimba. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba siku hizi nimempora mama yake.

Basi, zoezi. Nikaandika maneno yangu yaleyale nikabofya. Makala zilizotokea zilikuwa nyingi mno, karibu mara tatu ya zile nilizozizoea. Nikarudia. Zilezile. Nikamwita Chujio.

"Kompyuta yenu mbovu."

"Mbovu vipi?"

"Inaniletea takataka nisizozijua. Ya kwangu haifanyi hivi."

"Unayo hapo?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikaifungua kwa hasira, nikaiweka kando ya ile ya maktaba, ili aaibike mbele za watu. Chujio akainama, akatazama moja, akatazama nyingine. Akaweka kidole tu pembeni mwa skrini yangu, penye kialama cha tiki kidogo mbele ya maneno matatu: makala bure tu.

Nikakumbuka. Mwanzoni kabisa, nilipokuwa sijui hili wala lile, nilibofya makala moja ikanidai pesa. Nilifoka pale mezani hadi mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikaweka tiki ile, basi, zisinijie tena makala za namna hiyo. Na mashine ni mtumwa mtiifu, iliendelea kunitii mpaka leo. Sehemu kubwa ya maarifa ya dunia ilikuwa nyuma ya tiki yangu, na mimi nikaita kilichobaki "vyote".

"Hata hizo za kulipia, ukiingia kwa akaunti ya maktaba, hata kwa simu, hulipi," Chujio akasema kwa upole. "Wengi hawajui." Afadhali angenicheka.

Nikaandika maneno ya kinyume. Madhara. Kuzidiwa. Kukatwa. Ya kwanza iliyofunguka ilikuwa ya zamani kidogo, ya madaktari waliowafuatilia wagonjwa muda mrefu baada ya kidonda kufunga. Walisema ndiyo, malhamu inafunga upesi. Inafunga upesi kupita kiasi. Kwa mgonjwa ambaye mguu umeshakufa ganzi, ngozi hujifunga juu huku chini kunaoza, naye hasikii maumivu ya kumwamsha, mpaka uozo unafika kwenye mfupa. Nikaifuata mbele, nione nani aliwajibu. Waliwajibu wengi. Wote walikuwa wameona jambo hilohilo.

Nikamwona akilini mama mkwe na mguu wake mbele ya wageni. Wala sikuaga, nilibeba mkoba nikatoka, na ile kompyuta yangu nikaisahau mezani.

Nilimkuta amekaa kitandani anakunja nguo za watoto.

"Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Mama, nipe mguu."

"Mguu umepona, unautakia nini?"

Nikapiga magoti nikaushika. Ngozi ilikuwa nzuri vilevile, lakini wayo ulikuwa na joto, na mwenzake ulikuwa baridi. Nikabonyeza pale pa kidonda kwa kidole gumba. Pakabonyea. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, nguvu ya kumtoa mtu machozi.

"Unasikia, mama?"

"Sisikii kitu. Unabonyeza nini?"

Pembeni mwa kovu kikatoka kitone cha maji ya kijivu, na harufu. Mimi ni muuguzi, harufu ile naijua. Yeye naye aliisikia, nikaona uso wake unabadilika, mikono ikaacha kukunja.

Nikampigia simu mume wangu. "Njoo, mama anakwenda hospitali."

"Si alipona?"

"Njoo tu, jamani!"

Hospitalini tulipokewa na daktari wa upasuaji wa wodini kwangu, mama mmoja mkali tunayeheshimiana naye. Alifungua kidonda, akapima, akapiga picha, akarudi. Mfupa umeoza, akasema, na damu haishuki tena hadi vidoleni, mishipa imeziba na hali ya moyo wake hairuhusu kuizibua. Inabidi akate juu ya kifundo cha mguu. Alitaka jibu kabla ya jioni.

Mume wangu alinigeukia. Sijapata kumwona na macho yale. "Wewe ndiye uliyempaka."

"Ndiyo."

"Ukamwambia umesoma!"

"Ndiyo."

"Mwache mwenzio," mama mkwe akasema pale kitandani. "Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimesikia la mkaza mwana, na guu ndilo linalokwenda." Akacheka peke yake, kicheko kifupi.

Daktari akamletea karatasi ya ridhaa. Mama mkwe akaisukuma.

"Sitii sahihi. Nenda kasome kwanza."

Nikadhani anamwambia mwanawe. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mama, mimi ndiye niliye..."

"Najua ni wewe. Mimi hayo madude ya Kidaktari sijui kuyasoma, na mwanangu hajui. Mguu ni wangu na msomaji wangu ni wewe, sina mwingine. Nenda kasome, urudi uniambie wakate au wasikate."

Mume wangu alitaka kusema kitu, mama akamwinulia kidole. Nikatoka.

Nilikaa kwenye benchi la korido na simu, nikaingia kwa akaunti ya maktaba kama Chujio alivyoniambia. Tiki hazikuwapo, nilizikagua mara mbili. Nikaandika: kuokoa mguu bila kukata. Zikaja! Kumbe wapo waliosafishwa mfupa, wakapewa dawa kwa mishipa, wakarudi nyumbani na miguu yao. Nilisoma moja, nikasoma ya pili, machozi yananitoka ya furaha. Nilimwona anaingia mlangoni kwetu kwa miguu miwili. Nilimwona mume wangu akinitazama tena vizuri. Nikasimama niende nikamwambie daktari asikate.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Mkono uko kwenye kitasa.

Sikumpenda Chujio wakati ule. Nilimchukia, na sauti yake yote, na kile kidole chake pembeni mwa skrini. Lakini nilirudi nikakaa. Nikaandika kinyume: kuchelewa kukata. Kufa. Vidole vyangu vilikuwa vikikosea herufi, nikifuta naandika tena.

Nilisoma kwa makini, na kila kundi la wagonjwa nililitafutia swali moja: damu ilikuwa inashuka mguuni au haishuki? Wale waliopona bila kukatwa, damu yao ilikuwa inashuka. Wote. Nilirudi kwenye zile makala zangu mbili za furaha, na humo pia yalikuwa yameandikwa hayohayo, nikawa nimeyaruka. Wale ambao damu haikushuka wakasubiri, walikatwa baadaye juu ya goti. Wengine hawakuwahi kukatwa, walikufa kabla. Nikatafuta mbele, nani aliyewajibu, nani aliyewapinga hawa nao. Nilitafuta sana. Niliomba Mungu apatikane hata mmoja.

Nikarudi chumbani. Mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameushika ule mguu juu ya blanketi kwa mikono miwili.

"Umesoma?" mama mkwe akauliza.

"Nimesoma, mama."

"Vyote?"

"Hapana. Vyote sikuvimaliza, na sidhani kama kuna mtu anavimaliza." "Niliwatafuta wa kuniambia mguu utabaki, nikawapata. Nilikuwa nakuja kukwambia. Halafu nikawatafuta wa kunipinga."

"Wakasemaje?"

"Wakate, mama. Leo."

Mume wangu akafunika uso. Mama mkwe alinitazama juu ya miwani, kama siku ile ya kopo. Hakuwa na hasira. Natamani angekuwa nayo.

"Siku ile uliponijibu 'vyote' bila hata kufikiri," akasema, "ndiyo siku niliyopaswa kuogopa."

Kisha akanyoosha mkono apewe kalamu, akaniambia nimwonyeshe mahali pa kutia sahihi. Nikaweka kidole kwenye mstari. Kilikuwa kinatetemeka, akakishika kwa mkono wake wa kushoto mpaka kikatulia, ndipo akaandika jina lake.