Glasi Yangu ya Maji

Watu wanaojua wiski huipima kwa ulimi. Mimi sijawahi kuitia mdomoni hata tone, lakini nimeiosha miaka ishirini na miwili, na nasema bila haya kwamba naijua kuliko wengi wanaoinywa.

Naosha glasi hotelini. Chumba changu kiko nyuma ya baa, na kati yangu na baa kuna dirisha dogo la kupitishia vyombo, upana wake sinia moja. Glasi chafu zinaingia hapo, glasi safi zinatokea hapo hapo. Sabuni kidogo, maji ya moto mara mbili, kitambaa kikavu, kisha pua. Ndiyo, pua. Kila glasi nikishaifuta nainusa ndani, na isiponuka kitu chochote ndiyo safi. Ikinuka sabuni, au kitambaa, au vitunguu vya jikoni, inarudi majini. Wapishi wakanibandika jina la Mama Pua wakidhani wananitania. Nililipokea kama cheo.

Humo humo ndimo nilimojifunza glasi ipi ni ya wiski. Zile pana na nzito, zilizochongwa ubavuni, ambazo kila meneja anazipenda kwa kuwa zinameta, zikirudi kwangu hazina habari yoyote. Harufu yote imeshatoroka, mgeni wa watu amebaki na ukali mtupu. Lakini za zamani, ndogo, zenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, zilikuwa zinarudi na kila kitu: moshi, asali, mbao, ganda la chungwa. Mgeni ameshaondoka, wiski yake bado imekaa ndani inanisubiri. Hilo sikufundishwa na mtu.

Wakubwa wakasema zile ndogo zinafanana na vyombo vya kupimia dawa, zitupwe. Niliziokota saba. Sita nikazihifadhi kwenye boksi, na ya saba, iliyopinda mguu kidogo, nikaifanya yangu ya kunywea maji. Inakaa peke yake juu ya waya, karibu na dirisha la nje, inapigwa na upepo mchana kutwa.

Sasa nina binti mmoja, kifungua mimba na kitinda mimba kwa pamoja. Miaka mitatu iliyopita alipata kazi kwenye baa ile ile, upande wa pili wa dirisha langu. Nilimpa sharti moja tu: kazini asiniite mama. Sikutaka mtu aseme msichana amebebwa. Asubuhi tulitoka nyumbani pamoja, na tukifika kwenye kona ya duka la dawa yeye anatangulia, mimi nasimama kidogo kama ninayefunga kamba za viatu. Kwa hiyo hoteli nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, waliniita mama, isipokuwa yule niliyemzaa. Yeye aliniita Fundi.

Basi nafasi ya mkuu wa baa ikawa wazi. Waliofaa walikuwa wawili, binti yangu na kijana mmoja tuliyemwita Tai, kwa sababu hata siku ya mapumziko huvaa tai. Si mtu mbaya, ila anajisikia. Meneja akamwalika mzee mmoja ambaye kazi yake ni kuonja vinywaji na kutoa hukumu. Kila mmoja angechagua glasi, angemimina wiski ile ile, na kumhudumia mzee. Atakayemridhisha ndiye mkuu.

Hapo ndipo kiburi changu kiliponiponza. Wiki hiyo baa ilikuwa imeletewa kabati jipya la mbao, milango ya kioo, vanishi inang'aa hadi unajiona meno. Nikawaza, mwanangu hataomba glasi dirishani mbele ya mgeni. Atafungua kabati kama mwenye baa. Jioni kabla ya siku yenyewe nikazitoa zile sita, nikaziosha, nikazifuta, nikazinusa, nikazipanga mle kabatini kando ya zile nzito za kuchongwa, kifudifudi, mdomo chini, kama nilivyozoea kupanga glasi maisha yangu yote ili vumbi lisiingie. Nikafunga milango. Nyumbani nikamwambia asihangaike, glasi zake ziko tayari. Nililala nimejiridhisha.

Kesho yake saa tisa alasiri mzee akaketi kwenye meza ya katikati, miwani puani, daftari mkononi. Mimi niko dirishani, nimejifanya nafuta sinia ambalo lilikuwa kavu tangu asubuhi.

Tai alitangulia. Alitoa kabatini glasi nzito ya kuchongwa, akatia barafu, akamimina kwa mbwembwe zote alizojaliwa. Mzee akanusa, akaonja, akakunja uso, akaandika. Nikatabasamu peke yangu. Nilidhani najua alichoandika.

Zamu ya binti yangu ikafika. Alichukua glasi ya kwanza kati ya zile sita, akaigeuza, akainusa, akaiweka kando. Akachukua ya pili, akainusa, akaiweka kando. Alipofika ya nne ndipo nilipoelewa. Vanishi. Ile harufu mbichi ya mbao ilikuwa imefunikwa ndani ya glasi zangu tangu jana, midomo imelala juu ya ubao wenyewe, haina pa kutokea. Nilikuwa nimemharibia mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Angeweza kumimina tu. Meneja alishaanza kutazama saa, Tai anajichekea. Na mimi, niliyemfundisha, nilimwomba Mungu amimine tu yaishe. Badala yake akanusa na mbili zilizobaki, akafunga kabati, akaja hadi dirishani, uso mkavu.

"Fundi, zote zinanuka kabati. Kuna nyingine?"

Nikamwambia hakuna, na vanishi haitoki kwa kuoshwa mara moja. Akatazama juu ya bega langu, kwenye waya.

"Na ile?"

"Ile ni yangu ya maji. Huwezi kumpa mgeni glasi ya muosha vyombo."

"Inanuka?"

Haikuwa inanuka kitu, na yeye alijua. Niliiosha, maji ya moto mara mbili, nikaifuta, nikainusa, nikampa. Naye akainusa tena pale pale mbele yangu. Ningekuwa mtu mwingine ningeona nimetukanwa. Lakini ni mimi niliyemwambia tangu mdogo kwamba asiamini pua ya mwenzake hata siku moja, hata ya mama yake.

Akamimina kiasi cha vidole viwili, bila barafu, akaweka maji pembeni kwenye jagi dogo. Glasi ikasimama mbele ya mzee imeinama upande kidogo. Meneja akasogea kuomba radhi, mzee akamzuia kwa mkono. Akanusa. Akanusa tena, na ndipo akaonja, taratibu. Kisha akairudia glasi ya Tai, akainusa ikiwa na barafu yake iliyoyeyuka, akachukua kalamu na kukata mstari juu ya alichokuwa ameandika.

Alisema alikuwa ameandika kwamba wiski ya hoteli hii imeharibika, kumbe tatizo ni kabati, kwani hata glasi ya Tai ilinuka vanishi. Akainuka, akazinusa zile sita moja baada ya nyingine, akacheka. Meneja hakucheka. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kumfukuza, ni nani aliyezifunika glasi mle ndani.

Nikajikaza kisabuni, nikatoa kichwa dirishani. "Ni mimi."

Akaanza kunisomea makosa yangu mbele ya watu, uzembe, uzee, kazi za mazoea. Binti yangu akamkatiza, na sikuwahi kumsikia akimkatiza mkubwa.

"Aliyezifunika ndiye aliyenifundisha kunusa," alisema. "Angekuwa mzembe, mimi leo nisingejua kitu. Na ni mama yangu mzazi."

Tai alikaa mdomo wazi. Miaka mitatu ya kuachana kwenye kona ya duka la dawa ikaishia hapo, kwa maneno matano. Nilitaka kukasirika, maana sharti ni sharti, lakini hasira haikuja. Nilijivuna. Nilijivuna hadi kifua kikaniuma, nikashika ukingo wa dirisha nisionekane nayumba.

Mzee akaniuliza hiyo glasi iliyopinda ni ya nani. Nikamwambia. Akataka kujua mtu asiyekunywa amejuaje kwamba ndiyo yenyewe, nikamweleza habari za glasi zinavyorudi, zipi zinarudi tupu na zipi zinarudi na harufu yake. Alisikiliza bila kuandika. Halafu akamwambia meneja kwamba mkuu wa baa ameshampata, na kwamba glasi za wiski za nyumba hii, kuanzia leo, zichaguliwe na yule mama wa dirishani. Meneja alikuja mwenyewe kuomba radhi, nimpe haki yake. Tai naye akampa binti yangu mkono.

Mzee alipoondoka, binti yangu alinirudishia glasi kwa mkono wake, bila sinia. Nikaingiza pua. Moshi ulikuwamo, asali ilikuwamo, na ganda la chungwa kwa mbali.

"Mama," aliita, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "imerudi vipi?"

"Imerudi imejaa," nikamwambia, nikageukia beseni upesi, kwa sababu fundi halii mbele ya mkuu wa baa.