Mtani Kavaa Jezi ya Kinondoni

Mwaka ule Wazungu walipomtawaza Malkia wao kule Ulaya, sie Temeke tulikuwa na kwini wetu tayari, na kwini mwenyewe ndiye mie, Chausiku binti Kondo. Msicheke. Nilikuwa kwini wa chama cha lelemama, wanawake wazima na heshima zetu, kanga sare, ngoma zetu, na mie begani mkanda mwekundu wa ukubwa. Kila masika yakiisha kazi yetu ilikuwa moja, kuishangilia timu ya mpira ya Chuo cha Useremala. Chuo kilikuwa hapo hapo Temeke, na mie nilikuwa nauza chai na vitumbua mbele ya lango lake. Wanafunzi walitoka kila pembe ya nchi, lakini mpira wao ulikuwa wetu. Chuo ikishinda, Temeke nzima imeshinda. Ikifungwa, hata kupika mtu unaona uvivu.

Na mwaka ule tulishajua kwamba tutashinda. Ungepita Temeke kabla ligi haijaanza, wallahi ungedhani kombe lishaletwa na limefichwa uvunguni kwa mtu. Kinyozi anakunyoa huku anakuhesabia mabao ambayo hayajafungwa. Muuza samaki anakupimia huku anakuuliza kombe tutaliweka nyumba gani. Mzee Shomari, mkubwa wa mashabiki, alishakwenda kumwona mwenye ng'ombe Vingunguti akamchagulie dume la sherehe. Mpira wenyewe haujapigwa hata teke moja!

Sababu ya kiburi chote hicho ilikuwa golikipa. Alikuwa akiitwa Kasimiri, kijana wa Kinyamwezi kutoka Tabora, mrefu, viganja kama nyungo. Alikuja ligi ya mwaka uliopita ikiwa imefika katikati, na tangu aliposimama golini hatukufungwa tena. Tulikosa kombe kwa sababu tulimpata kwa kuchelewa, basi. Sasa tunaye tangu mwanzo, nani atatuweza?

Tena Kasimiri alikuwa mtani wangu. Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi, na utani huo hatukuuanzisha sie, tumeukuta kwa mababu. Mtani akikutukana hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa, na watu watakushangaa. Kila asubuhi alikuja kwangu kabla ya darasa, akipaza sauti toka langoni. "Mzaramo mvivu! Umeamka, au chai imejichemsha yenyewe?"

"Tua kwanza huo mzigo wa Mwarabu, mpagazi wee," namjibu, "shingo ikinyooka ndo uombe chai."

Benchi zima linavunjika mbavu. Walikuwapo watu waliokuja kunywa chai kwa ajili ya matusi yetu tu. Nilimpenda kijana yule, nasema wazi. Sikuzaa mtoto wa kiume, na yule mjinga alinijazia asubuhi zangu.

Basi ratiba ikatoka, na mechi yetu ya kwanza ikawa na Nyota ya Kinondoni. Nyota walikuwa na kwini wao, Hamisa, mwanamke wa maneno, midomo haifungi hata usingizini. Tukakutana arusini, hapo hapo Temeke, naye akaanza kunirushia vijembe mbele za watu. Mara Temeke wanajua kupika tu, mara timu yetu ni ya watoto wa shule. Kichwa kikanipanda. Nikasimama katikati ya uwanja wa ngoma.

"Hamisa, nisikilize," nikasema. "Chuo ikifungwa siku hiyo, mie na wanawake wangu tutakuja Kinondoni kwa miguu. Tutakaa chini kwenye mkeka wenu, mtuimbe mpaka sauti ziwakauke. Na huu mkanda nitauvua, sitauvaa tena maisha yangu. Mkifungwa nyie, mtakuja nyie."

Hamisa akaupokea mkono wangu. Vigelegele vikapigwa, wanawake wangu wakaniinua juu. Mwamvita, shoga yangu na msaidizi wangu katika chama, peke yake ndiye aliyeninong'oneza, "Dada, umeapa kikubwa hivyo?" Nikamwambia, "Kasimiri yuko golini, unaogopa nini?"

Kesho yake asubuhi, mtani alipokuja, nikamsimulia kwa madaha. Watu wamejaa benchini. Akanisikiliza, akapuliza chai yake, akasema, "Mtani, umeapa vibaya. Siku hiyo mie nitakuwa golini kwa Kinondoni."

Lo! Watu walicheka mpaka mmoja akajimwagia chai mapajani. Nami nikadakia papo hapo, "Nenda! Nenda wakakubebeshe mbao kichwani, kazi ya babu yako!"

"Kweli ndiyo kazi waliyonipa," akasema. "Kuna fundi mwenye karakana huko, ananichukua."

"Akuchukue! Nasi tutapumua, harufu yako ituondokee!"

Tukaendelea hivyo. Siku chache kabla ya mechi akaja tena, akasema, "Mtani, mwenzio nishaonyeshwa na chumba." Nikamwuliza Mnyamwezi anataka chumba cha nini wakati amezoea kulala chini ya mzigo. Kicheko. Mzee Shomari mwenyewe alikuwapo, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kofia. Na Kasimiri naye alicheka. Nataka mlishike hilo, alicheka pamoja nasi, akakigonga kikombe mezani, akaondoka.

Siku ya mechi tulikwenda Mnazi Mmoja tangu adhuhuri ili tupate pa kusimama. Kanga zetu mpya, ngoma zimekaushwa juani, sauti nimeipasha kwa tangawizi. Ng'ambo ya uwanja Hamisa na watu wake. Timu zikaingia. Vijana wetu wa Chuo wakapita mbio, peku, jezi nyeupe, nami macho yanamtafuta yule mrefu. Simwoni. Golini kwetu kasimama Salumu, kijana mzuri lakini anafumba macho mpira ukija.

Kisha Mwamvita akanishika bega. "Dada! Mtazame mtani wako!"

Nikatazama. Kasimiri huyo, katikati ya Nyota, ndani ya jezi nyeusi ya Kinondoni, anarukaruka kupasha viungo.

Mnajua tulifanya nini? Tulicheka. Haki ya Mungu tulicheka, wanawake wote, tukashikana mabega. Mtani kavaa jezi ya Kinondoni kututania! Mbele ya uwanja mzima! Mie ndiye niliyecheka kupita wote. Nikakimbia mpaka kwenye mstari, nikampigia kelele, "Mpagazi wee! Umebeba mzigo wa watu, urudishe kwa wenyewe!" Akanigeukia, akanipungia mkono, akacheka meno yote nje. Nikarudi kwa wenzangu nikawaambia, "Ngojeni, atavua sasa hivi."

Refa akaita manahodha. Hajavua. Wakarusha shilingi, wakachagua magoli. Hajavua. Akaenda moja kwa moja akasimama kati ya miti miwili ya goli la Nyota, akatemea viganja vyake vile, akainama. Bado wapo wenzangu waliokuwa wakichekacheka. Filimbi ikalia. Hapo nikajua kwamba yule si mtani tena, yule ni golikipa wa Kinondoni.

Sina haja ya kuwachosha na mchezo wenyewe. Vijana wetu walicheza kufa na kupona. Walimpigia mashuti ya juu, ya chini, ya pembeni, na yote aliyadaka kama mtu anayepokea watoto kwa mama zao. Salumu akafumba macho mara moja tu, ikatosha. Mwishoni tukapata penati. Akapiga nahodha wetu, Marselino, mwanafunzi aliyelala chumba kimoja na Kasimiri mwaka mzima. Kasimiri akaenda upande ule ule kabla mguu haujagusa mpira. Alijua. Alikuwa akimfanyisha Marselino mazoezi ya penati kila jioni, atakosaje kujua? Akaukumbatia mpira kifuani, akatutazama upande wetu wanawake, akatoa ulimi.

Akatoa ulimi! Kwake yeye bado ulikuwa utani.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Kinondoni kwa miguu kama nilivyoapa. Wenzangu wengine walitaka tusiende. Nikawaambia niliapa kwa mdomo wangu, siwezi kukimeza kiapo. Tukakaa chini kwenye mkeka, Hamisa na kundi lake wakatuzunguka, ngoma ikaanza, nao walikuwa wametunga wimbo maalumu:

*Kwini kaambiwa, kacheka,*
*kaambiwa tena, kacheka,*
*mpira umekwisha, kwini,*
*leo mbona hucheki?*

Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Nani aliwapa maneno hayo? Hamisa hakuwapo kwenye benchi langu. Aliyewapa ni yeye, Kasimiri, aliyewasimulia asubuhi zetu moja baada ya nyingine, wakazitungia ngoma. Nililia mbele yao, sikujificha. Kisha nikauvua mkanda, nikaukunja, nikamkabidhi Mwamvita. Hakutaka kuupokea, nikamlazimisha.

Nilidhani Temeke watanipoza. Wapi! Tuliporudi Mzee Shomari akaniita barazani kwake, uso umekunjamana.

"Binti Kondo," akasema, "kijana alikwambia anaondoka. Mbona hukutwambia tukatafuta golikipa mwingine?"

"Mzee wangu, si ulikuwapo? Si ulicheka hata ukafuta machozi?"

"Mie nilicheka kwa kuwa wewe ulicheka. Mtani ni wako."

Siku zile zile dume la Vingunguti likauzwa kwa mtu wa arusi, na kinyozi akaanza kuhesabu mabao ya mwaka ujao. Kila aliyepita benchini kwangu aliniambia lile lile, usikasirike, Chausiku, yule ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Nilikuwa nimesalitiwa na sina pa kushtaki. Mtu mwingine angenifanyia vile ningemfuata nikamvulia kanga. Huyu nikimfokea, mie ndiye mkosa adabu. Na alilijua hilo. Hakuwa na ujasiri wa kuja kuniambia jioni, tukiwa wawili, "Mama, nimepata kazi, naondoka, nisamehe." Ningelia, lakini ningemfungia vitumbua vya njiani. Yeye aliona aseme kweli mahali ambapo kweli haisikiki, ili baadaye aseme, "Nilikwambia." Utani wa mababu akaufanya kichaka cha kujifichia.

Akaja. Wiki kadhaa zilikuwa zimepita. Ilikuwa asubuhi, benchi limejaa kama zamani, nikasikia sauti toka barabarani. "Mzaramo mvivu! Nimekuja unitukane, najua umeyaweka akiba!"

Watu wakageuka. Wengine walishaanza kutabasamu, wakangoja nimwangushie la mpagazi, yaishe, mambo yarudi kama yalivyokuwa. Naye alisimama pale anangoja, kakunja shingo kama mtoto anayejua atapigwa kofi la mapenzi.

Nikachukua kitambaa, nikafuta mahali pa kukaa. "Karibu, Bwana Kasimiri. Karibu uketi. Utakunywa ya rangi au ya maziwa?"

Akacheka. "Aka! Leo umelishwa nini? Au zile nyimbo za Kinondoni zimekukata ulimi?"

"Ya rangi au ya maziwa, bwana?"

"Ya maziwa," akasema. Akakaa. Nikamtilia, nikamwekea kikombe mbele yake kwa mikono miwili, kama ninavyomwekea mgeni nisiyemjua. Akajaribu tena, akasema chai yangu ina ladha ya maji ya kuoshea nazi. Nikamwomba radhi, nikamwuliza nimbadilishie? Mtu mmoja akakohoa.

"Mtani," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya chini, "nitukane basi."

"Siwezi kumtukana mtu wa watu, bwana. Utanisamehe."

"Nilikwambia, mtani. Wote hawa walisikia. Nilikwambia."

"Uliniambia, bwana. Sina la kukudai." Nikakaa mbele yake, nikamtazama usoni. "Ila nikuombe jambo moja. Mie nimeshakuwa mtu mzima. Siku Mungu akinichukua, watani zangu Wanyamwezi watakuja kuzuia jeneza, watavaa kanga zangu, wataniigiza ninavyotembea, watu wacheke msibani kama ada ilivyo. Wewe usiwe miongoni mwao. Wewe ukija, ukae kwenye mkeka na wageni, unywe kahawa, uwape pole wafiwa, uende zako."

Viganja vyake vile vilikuwa vimekizunguka kikombe, na chai haikupungua. Kisha akasimama, akaingiza mkono mfukoni. Tangu nimjue hakuwahi kunilipa chai, na mie sikuwahi kumdai, maana kwa mtani mtu hula bure na matusi juu. Akaweka senti mezani taratibu, akanitazama, akingoja nizirudishe.

Nikazichukua, nikamwambia ahsante, bwana, karibu tena.