Askari Aliyenyamaza

Wiki Takatifu ilipoingia, Crisanto alitoka nyumbani kila alfajiri na kinyago chake guniani. Alikuwa amekichonga mafichoni. Hata mkewe, Herminia, hakukiona. Kila mwaka wanaume wa mji huo wa kisiwani huweka nadhiri na kuvaa kama askari wa Kirumi wiki hiyo nzima, na anayetambulika amevunja nadhiri yake, ndivyo Mogpog nzima inavyoamini. Na nadhiri ya Crisanto ilikuwa ya kumwombea uzima binti yao, Ningning, aliyezaliwa na moyo mbovu.

Ijumaa Kuu, jua la utosini, midomo ya mtoto ikageuka zambarau.

"Hapa tumefika mwisho, mama," muuguzi wa zahanati alisema. "Gari linampeleka bandarini, avushwe bahari hadi hospitali ya Lucena. Baba yake yuko wapi? Anamlilia."

Herminia akakimbilia barabarani. Askari walikuwa wamejaa tele: nyuso za mbao zilizokodoa macho, ndevu za singa, kofia zilizosheheni maua ya karatasi. Angemjuaje?

"Crisanto! Ningning kazidiwa!"

Wakamzunguka wakigonganisha vijiti, maana kazi yao siku hiyo ni kuchokoza watu.

"Crisanto ndiye mimi hapa, bibie!"

"Mwongo huyo! Mumeo mimi, nenda kanipikie!"

Watu wakacheka. Herminia akamrukia mmoja, akamvuta ndevu, kinyago kikang'oka. Alikuwa Tasyo kinyozi, jasho likimchuruzika.

"Dada, umeniharibia nadhiri!"

"Mwanangu anakufa, kaka Tasyo."

Vijiti vikanyamaza.

Nyuma ya wenzake alisimama askari mmoja kimya. Herminia akamwendea.

"Ni wewe? Kama ni wewe, vua, twende."

Mkono wa yule askari ukapanda mpaka kidevuni, ukashuka. Honi ya gari la wagonjwa ikalia, ikalia tena. Herminia akageuka akakimbia.

Ningning alikata roho baharini, Lucena haijaonekana, kichwa chake mapajani mwa mama yake.

Crisanto aliwakuta siku ya pili, uso wake una michubuko ya mbao.

"Nilikuwa mimi," alisema. "Nilijua nikivua namuua kwa mkono wangu."

Herminia alitafuta neno la kumlaani, akalikosa. Akatafuta la kumsamehe, nalo akalikosa. Akamsogezea kiti kando ya mtoto, wakakaa.