Kifu cha Bibi Rosalia

Mimi nikianza kucheka siachi, na ndiyo maana siku ya posa yangu walinifungia chumba cha ndani na leso mdomoni, wakwe wasije wakanisikia. Mkiona nimeruka mahali katika kisa hiki, jueni hapo nilikuwa naiuma leso.

Kwetu ni milima ya Taita, kule juu ambako ukisimama unauona mji wa Wundanyi chini yako. Nasema kwetu kwa mazoea tu, maana siku hizi nusu ya mlima iko huku pwani, Changamwe. Pita mtaani kwangu Jumapili asubuhi, Kidawida, lugha yetu, dirisha hili, Kidawida dirisha lile, na mtu kavaa sweta kwenye joto la kukaanga samaki kwa sababu mama yake alimwambia asitoke bila sweta. Mimi Winfred napanga biskuti kwenye maboksi kiwandani. Menza nilimpata huko huko, anaendesha foklifti, Mgiriama wa Mwakirunge, maneno machache, meno mengi. Nilimpenda upesi kuliko inavyofaa kusema.

Nikamwambia, ukinitaka panda mlima ukaonane na Bibi Rosalia. Baba yangu alishafariki, na huyo bibi, mama yake baba, ndiye mwenye neno la mwisho. Akikataa, sina ndoa.

Bibi akatoa sharti moja tu: kifu. Kwetu kifu ni mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, anayetangulia kabla ya mahari nyingine yoyote. Watu wengi wameshaliacha jambo hilo, lakini bibi yangu akishika neno halimtoki. Aliyetumwa kupeleka habari ni baba mdogo Kiponda. Mtandao kule kwetu unashika vizuri juu ya jiwe moja nyuma ya kanisa, basi akapanda jiwe, upepo unampiga, akampigia ami yake Menza, Mzee Kadenge. Na Mzee Kadenge alikuwa kando ya barabara Mwakirunge, malori ya mawe yakimpita.

"Msije bila kifu," akasema baba mdogo.

"Kifuu?"

"Kifu. Kiwe kizima, kisiwe na kovu, na kisiwe kimetumika."

"Hicho tu?"

"Hicho kwanza. Mengine tutazungumza mkifika."

Mzee Kadenge akamgeukia mkewe akamwambia kwamba watu wa milimani wana heshima ya ajabu.

Sasa mtu wa pwani ukimtajia kifuu anajua kimoja tu, kifuu cha nazi, lile gamba gumu linalobaki nazi ikishakunwa. Na akili yake ikampa sababu nzuri kabisa. Kwao posa haiendi bila tembo la mnazi. Mlimani minazi hakuna. Basi wakwe wanaomba cha kunywea, tena wamesema kisiwe kimetumika, watu safi hao. Akachagua nazi kubwa, akaipasua kwa uangalifu, akakipiga kifuu msasa na kukipaka mafuta mpaka kikang'aa kama kiatu cha askari. Menza alikiona akadhani ni desturi yetu. Hakuniuliza, kwa kuwa anayeoa haingilii maneno ya wazee, kwao na kwetu.

Wakapanda. Lami siku hizi inafika karibu na mlango, si kama zamani bibi alipokuwa akishuka kwa miguu na mzigo wa maharagwe kichwani. Lakini baridi ni ile ile. Mzee Kadenge aliingia amejifunga taulo kichwani, na dumu lao la tembo lilikuwa limefura njiani likarusha kifuniko. Mimi nilikuwa nimeweka jicho kwenye ufa wa mlango.

"Karibuni, wakwe," akasema bibi baada ya salamu zote kwisha. "Kifu mmekiacha wapi? Sijakisikia kikilia."

"Hakilii, mama," akasema Mzee Kadenge. "Kimetulia sana. Ninacho hapa mfukoni."

"Mfukoni," akasema baba mdogo Kiponda.

"Nilikifunga kwenye leso kisipate mkwaruzo."

Akakitoa, akakifungua taratibu, akakiweka mezani kwa mikono miwili. Nyumba nzima ilikitazama. Mimi nilikuwa sakafuni, leso yote mdomoni, machozi yananitoka.

Kisha nikamsikia baba mdogo akisukuma kiti. "Hii ni dharau," akasema. "Tumewaomba mtamba, ng'ombe ambaye hajazaa, mmetuletea takataka za jikoni. Chukueni dumu lenu mteremke."

Hapo kicheko kilinikauka. Nikaiona Changamwe bila Menza, mimi na biskuti zangu mpaka uzee, nikaogopa kweli.

"Keti, Kiponda," akasema bibi. "Huyo ng'ombe ungemfunga wapi?"

Baba mdogo akaketi. Malisho yetu yote yamekuwa maparachichi, na bondeni kwenye miwa pamekuwa kiwanja cha mpira.

"Na majani angemkatia nani? Wakataji wako Changamwe. Mimi ng'ombe simtaki." Bibi akakichukua kifuu akakigeuza geuza. "Kifu changu kilipelekwa kwa baba yangu, mlima ule ng'ambo. Mtoaji wa kifu sharti aende kukitazama, kimenenepa, kimekonda. Basi mume wangu alikuwa akienda kila mwezi, nami namfuata nyuma, namwona mama yangu. Hiyo ndiyo kazi ya kifu. Hiki chenu kinakula nini? Nani atapanda mlima kuja kukitazama? Mtasema kiko kabatini, kimetulia. Na mjukuu wangu sitamwona tena."

Nilijua anasema kweli, maana Krismasi mbili zilikuwa zimepita sijapanda, na sababu zangu zote zilikuwa za uvivu.

Ndipo Menza, ambaye hakupaswa kufungua mdomo, akaufungua.

"Bibi, nitaleta mche wa mnazi. Niupande hapa mlangoni. Krismasi na Pasaka tutakuja kuutazama, mimi na Winfred."

"Mnazi, na ukungu huu? Kijana, hautazaa hata siku moja."

"Si ndiyo kifu, bibi? Hakijazaa."

Hapo bibi akacheka, na mimi nimekirithi kwake kicheko hiki, hauzimi huo moto ukishawaka. Akapiga meza, akamshika Mzee Kadenge bega asianguke. Leso ikanitoka mdomoni, nikacheka kwa sauti huko chumbani, wakwe wote wakanisikia. Baba mdogo Kiponda alijitahidi kununa akashindwa. Tembo lilinywewa kwa kile kifuu, kikazungushwa mpaka dumu likabaki na harufu tu.

Menza alileta mche, akaupanda, tukaoana. Tangu hapo kila Jumapili bibi anapandishwa juu ya lile jiwe nyuma ya kanisa anatupigia. "Kifu kinawasalimu," anasema. "Kimeongeza jani. Njooni mkione."

Krismasi iliyopita tukaenda. Nilifika mlangoni mbele ya Menza. Mche ulikuwa umevishwa sweta ya bibi mwenyewe, vifungo vimefungwa mpaka juu, na ndani ya sweta palikuwa na kijiti kikavu. Hakikukauka wiki ile wala mwezi ule. Kiliuawa na baridi ya Julai, na Jumapili zote zile bibi alikuwa akitusomea majani.

Alikuwa amesimama kizingitini anatutazama, mikono ameificha ndani ya kanga.

Menza akachuchumaa. Akafungua kifungo cha juu, akachungulia kwa makini, akakifunga tena.

"Kweli, bibi," akasema. "Kimeongeza jani."

"Niliwaambia," akasema bibi, akaingia ndani kutupashia maji ya kuoga. Pasaka tunapanda tena kukitazama.