Jicho Lisilopepesa

Vumbi la Bwera, wewe huna adabu! Malori ya Kongo yakigeuza tu karibu na soko, hapa mpakani, unapanda, unatua juu ya maharagwe yangu, juu ya vitenge, juu ya kope za watu. Wote wanafumba macho. Mimi sifumbi. Marie-Louise wa Butembo, jirani yangu wa meza, hunicheka: "Mama Cherop, macho yako iko ya samaki!"

Sifumbi kwa sababu nilifundishwa. Kwetu Kapchorwa, mbali huko mashariki ya Uganda, wasichana tulikeketwa Desemba, ukoo mzima ukitazama. Usilie. Usikunje uso. Usipepese jicho. Shangazi aliniinamia akasema, ukipepesa umetuaibisha. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Sikupepesa. Wakapiga vigelegele, nikapewa mbuzi.

Mbuzi alikufa mwaka uleule. Kovu lipo.

Semu, mume wangu, Mkonzo wa huku Bwera, alikuwa askari kule kwetu, akanioa akanileta huku. Ni mtu mpole. Akinikaribia huuliza, "Nakuumiza?" Namjibu, "Hapana." Uongo mtupu! Siku hizi haulizi tena, hanikaribii tena, na mimi namnunia kana kwamba kosa ni lake.

Ndipo redio ikasema madaktari wanakuja Kasese, siku tatu tu, kuwapasua upya waliokeketwa: wafungue kovu, washone vizuri, mwanamke apumzike. Vitanda kumi na viwili. Nikafika hospitalini siku ya kwanza, jua halijachomoza.

Sista Alisi, muuguzi anayepima, akavaa glavu, akabonyeza.

"Inauma?"

"Hapana, sista."

"Na hapa?"

"Hapana."

Iliuma, jamani! Iliuma hadi kwenye meno. Lakini mdomo ulijibu wenyewe, na jicho likakodoa dari, kavu. Sista akanitazama usoni, hakuona kitu, akaandika: hana maumivu. "Ungoje mwaka kesho, mama. Vitanda ni vya wanaoumia."

Nimkasirikie nani? Sista aliuliza, tena mara mbili. Shangazi yuko kaburini. Nilirudi Bwera nikajikasirikia mimi, nikamwaga maharagwe, nikamfokea mteja aliyetaka kupunguziwa.

Marie-Louise alisikiliza yote, mikono kiunoni. "Ulisema hapana juu ya nini? Shangazi yako iko kule lopitali?"

Niliinama kuokota maharagwe. Kweli, alikuwepo. Popote ninapolazwa chali, yupo, ananiinamia.

Siku ya tatu nikarudi. Sista akashusha pumzi. "Wewe tena? Nilishaandika."

"Andika upya."

"Vitanda vimejaa, mama."

"Nibonyeze kwanza."

Akabonyeza. Inauma? Nikalitafuta neno. Ni neno dogo, mtoto wa miaka miwili analo! Jicho likakodoa. Shangazi akainama, ukipepesa umetuaibisha, na sista akaanza kuvua glavu.

"Inauma," nikasema.

Akasimama. "Nini?"

"Inauma! Inauma nikikojoa, inauma Semu akinigusa, iliniua nilipozaa, na iliuma siku ile, shangazi, iliuma, iliuma!" Nilipiga kelele. Mtu akafungua mlango kuchungulia. Sikujali. Macho yalijifumba yenyewe, na yalipojifumba yakamwaga machozi yote ya miaka kumi na sita.

Sista Alisi hakunibembeleza. Alikata maneno yake ya kwanza kwa mstari mmoja, akaandika jina langu chini ya majina kumi na mawili. "Wa kumi na tatu. Daktari anaondoka jioni. Akipata nafasi, utaitwa. Siahidi."

Basi niko hapa uani, kwenye benchi la mbao, tangu asubuhi. Wameitwa tisa. Nina hasira bado: vitanda kumi na viwili, kana kwamba tulikatwa kumi na wawili tu! Lakini siondoki.

Gari limeingia getini, na wewe, vumbi, umepanda tena, huna adabu hata Kasese. Umeniingia machoni. Nimefumba. Nimepepesa mara moja, mara mbili, mara nyingi, machozi yanashuka mashavuni. Mama mmoja benchini ananipa kona ya kitenge chake, ananiuliza kama inauma.

"Inauma," namwambia. "Inauma sana."